Kuondoa Majani Vamizi ya Pwani kwa Kufuata Akiba Iliyo Ardhini: Mwongozo kwa Watendaji

Mwongozo huu ni wa watu wanaoingia topeni wenyewe: wasimamizi wa hifadhi za pwani, viongozi wa vikundi vya mazingira, vibarua wa kufyeka na wapimaji wa sampuli. Unahusu kazi moja tu, kuondoa majani vamizi katika ardhi oevu za pwani ili mimea asilia irudi. Mifano yake mikubwa imetoka Marekani na China, kwa kuwa huko ndiko kazi hii imefanywa kwa upana na kwa miaka mingi, na makosa yake yakaonekana wazi.

Aliyewahi kupalilia shamba lenye ndago hahitaji maelezo mengi. Anapiga jembe leo, shamba linabaki safi, na baada ya wiki mbili ndago zimesimama tena kana kwamba hakuna aliyepita. Hazikuota kwa mbegu. Zimechipua kutoka kwenye vijiazi vilivyobaki chini, na vijiazi hivyo vimejaa wanga. Matete vamizi ya mwambao wa Atlantiki wa Marekani na spartina, jani la vinamasi vya maji chumvi lililovamia China, yana tabia hiyo hiyo, ila ghala lake ni kubwa zaidi na limefukiwa kwenye tope. Kwa sababu hiyo, kazi ya kufyeka isipimwe kwa wingi wa majani yaliyolazwa chini. Ipimwe kwa chakula kilichopungua ardhini.

Kilichomo chini ya tope

Jani hutengeneza sukari kwa nguvu ya jua. Sehemu ya sukari hiyo hutumika papo hapo, sehemu hujenga mashina na majani mapya, na inayobaki huteremshwa hadi kwenye rizomu, yaani lile shina linalotambaa ndani ya udongo, ambamo huhifadhiwa kama wanga au sukari. Hiyo ndiyo akiba ya kabohaidreti. Mmea huigusa unapochipua, kabla majani mapya hayajaweza kujilisha. Huigusa pia wakati wa baridi, kwa sababu rizomu haiachi kupumua hata kama juu hakuna kijani. Na huigusa kila unapojeruhiwa, iwe kwa panga, kwa moto au kwa meno ya mifugo.

Rizomu za matete, ambayo wataalamu huyaita Phragmites australis, nyingi hukaa ndani ya mita moja ya juu, lakini baadhi hufika kina cha mita 2. Katika chaka lililokomaa, uzito ulio chini kwa kawaida huzidi ulio juu. Kwa hiyo anayesimama mbele ya ukuta wa matete wenye kimo cha mita 4 ajue kwamba anachokiona ni sehemu ndogo ya mmea, na panga lake litagusa sehemu hiyo tu.

Lipo jambo jingine ambalo makundi mengi ya kazi hulipuuza. Mashina mia moja ya matete yanaweza kuwa mmea mmoja, yakiwa yameunganishwa na rizomu chini kwa chini, na sukari husafiri ndani ya mtandao huo. Katika vinamasi vya maji chumvi vya New England imeonekana kwamba mashina yaliyo upande wa nchi kavu, kwenye chumvi kidogo, huyalisha yale yanayosogea kwenye chumvi kali. Uhusiano huo ukikatwa, yaliyo chumvini hudhoofika. Kwa mtendaji, maana yake ni kwamba ukifyeka nusu ya chaka na kuiacha nusu nyingine, iliyobaki huvilisha visiki vya iliyofyekwa. Chukua chaka lote kwa mara moja. Kama chaka ni kubwa kuliko nguvu mliyonayo, anzeni na vichaka vidogo vilivyojitenga, ndipo muende kwenye chaka kuu, na mpakani mwa sehemu iliyokatwa chimbeni mtaro wa kukata rizomu.

Kumtambua mgeni

Mmea haustahili kuitwa gugu kwa jina lake pekee. Spartina alterniflora ni mwenyeji wa pwani ya Atlantiki ya Marekani, na huko ndiyo hushikilia udongo wa vinamasi. Mmea huo huo ulipelekwa China mwaka 1979 kwa nia njema ya kukinga fukwe dhidi ya mawimbi, ukaenea hadi kufunika matope yaliyokuwa malisho ya ndege. Matete nayo ni kinyume chake: ni mwenyeji wa China na Ulaya, lakini aina yake iliyotoka ng'ambo imegeuka vamizi Marekani. Kwenye mlango wa mto Yangtze matete ndiyo yanayosukumwa na spartina. Kwenye ghuba ya Chesapeake matete ya kigeni ndiyo yanayoisukuma spartina.

Kule Marekani utambuzi una ugumu wa ziada, kwa sababu nchi ile ina matete yake asilia tangu zamani. Mwaka 2002 mtafiti Kristin Saltonstall alilinganisha vinasaba vya sampuli kongwe zilizohifadhiwa kwenye makumbusho na vya matete yanayoota sasa, akaonyesha kwamba aina ya kigeni ilikuwa imeenea kimyakimya na kushika nafasi ya ile ya wenyeji. Kwa macho ya haraka zinafanana kabisa. Shika shina karibu na ardhi na ulichunguze. La asilia ni laini, linang'aa, mara nyingi lina rangi nyekundu au hudhurungi, na ala za majani yake hubanduka kwa urahisi likikauka. La kigeni lina mistari midogo inayokwaruza kidole, halina mng'ao, na ala zake hung'ang'ania shina hata baada ya kufa. Asiyeijua tofauti hii asipewe fyekeo.

Tofauti nyingine ni ya majira. Aina ya kigeni huchipua mapema zaidi na hubaki na kijani hadi baadaye, kwa hiyo inakuwa na siku nyingi zaidi za kujaza rizomu. Pale ambapo mbolea ya mashambani na maji machafu ya makazi humwagika ukingoni, nitrojeni huizidishia kasi. Ninasisitiza hili kwa sababu bajeti nyingi huishia kwenye kukata, huku mfereji unaoleta mbolea ukiachwa wazi hatua chache kutoka kwenye chaka.

Majira ya kukata na majira ya dawa

Katika pwani ya kati ya Atlantiki, kama Maryland, chipukizi za matete hutokeza wakati wa machipuko, Aprili na Mei. Huota kwa chakula cha mwaka uliopita. Akiba hushuka wiki baada ya wiki hadi majani yanapotosha kulisha mmea mzima, karibu na Juni. Baada ya hapo sukari huanza kurudi chini, na kufikia vuli ghala limejaa tena.

Wakati wa kukata ni pale akiba ilipofika chini kabisa: majani yamekamilika na mmea haujatoa maua. Ukikata hapo, mmea unalazimika kuchipua kwa kidogo kilichobaki. Usiuache upate nafuu. Machipukizi yakifikia kimo cha goti na kuanza kutanua majani, rudi ukate tena, kwa sababu yakiachwa wiki kadhaa zaidi yatarudisha yote yaliyotumika. Kukata mara moja kwa mwaka, hata kwa mwezi sahihi, kwa kawaida hudhoofisha tu.

Ushahidi wa upande wa pili upo Norfolk, Uingereza. Huko matete ni mmea asilia, na wakataji huyavuna kila majira ya baridi kwa ajili ya kuezekea nyumba. Wamefanya hivyo kwa vizazi vingi na matete hayajaisha. Wanakata mashina makavu wakati chakula chote kimeshateremka, kwa hiyo mmea haupotezi chochote cha maana, na nuru inayoingia baada ya mavuno husaidia chipukizi mpya. Wapo wasimamizi wa miradi ya kuondoa matete wanaopanga kufyeka wakati wa baridi kwa sababu vibarua wanapatikana na tope limekuwa gumu. Wajue kwamba wanafanya kazi ya mwezekaji wa Norfolk.

Dawa ya magugu ina kalenda tofauti na ya panga, na hapa ndipo makundi hukoroga mambo. Glaifoseti na imazapiri hufyonzwa na jani na kusafiri pamoja na sukari. Zikipuliziwa mapema katika msimu, wakati chakula kinapanda kutoka chini, hazifiki kwenye rizomu kwa kiasi cha kutosha. Hupuliziwa mwishoni mwa kiangazi na mwanzoni mwa vuli, kabla ya baridi kali, wakati sukari inashuka. Kwa hiyo panga hutaka ghala tupu na mmea ambao haujatoa maua, ilhali dawa hutaka majani mapana ya kijani na mkondo unaoelekea chini. Anayefyeka Agosti kisha akapulizia Septemba juu ya visiki vifupi amepoteza gharama zote mbili. Chagua njia moja kwa msimu, au acha miezi ya kutosha ili majani yarudi kabla ya kupulizia.

Dawa iwe imeidhinishwa kwa matumizi ya majini, apuliziaye awe na kibali, na mimea asilia ikingwe; imazapiri hasa hubaki udongoni na huua jirani asiye na hatia. Pamoja na hayo, nisiifiche kazi iliyoifanya. Katika ghuba ya Willapa, jimbo la Washington, spartina ya Atlantiki iliingia mwishoni mwa karne ya 19 pamoja na shehena za chaza. Kufikia 2003 ilikuwa imefunika takriban hekta 3,400 za matope. Mwaka 2004 imazapiri iliruhusiwa, na kwa kuirudia mwaka hadi mwaka eneo lile likasafishwa karibu lote. Panga peke yake lisingefika huko.

Kukata chini ya maji

Shina la matete ni bomba la hewa. Oksijeni hupita ndani yake hadi kwenye rizomu iliyozama katika tope lisilo na hewa, na hata mashina makavu ya mwaka jana huendelea kupitisha. Ukikata shina chini ya usawa wa maji na maji yakabaki juu ya kisiki, bomba limezibwa. Rizomu haifi siku hiyo. Inaendelea kuishi kwa uchachu, njia inayopoteza chakula kingi mno: molekuli moja ya glukosi ikiwa na oksijeni hutoa takriban molekuli 30 za ATP, kibeba nishati cha seli, bila oksijeni hutoa 2 tu. Ili kubaki hai kwa nguvu ile ile, rizomu hulazimika kuchoma sukari mara nyingi zaidi. Ndiyo maana maji juu ya kisiki kwa miezi michache ya kiangazi yanaweza kufanya kazi ambayo kufyeka kukavu hakuifikii.

Sharti ni maji yasishuke. Maji yanayojaa na kupwa mara mbili kwa siku hayatoshi, kwani kila yakipwa kisiki hupumua. Katika hifadhi ya Chongming Dongtan, mashariki mwa Shanghai, walijenga tuta kuzunguka eneo lililovamiwa, wakakata spartina wakati wa kutoa maua, wakaligharikisha eneo, kisha wakalikausha, wakapanda mimea asilia na kuendelea kudhibiti usawa wa maji na chumvi. Mradi huo ulianza 2013 na spartina ndani ya tuta iliondolewa kwa sehemu kubwa sana. Baada ya hapo China ilitoa mpango wa taifa wa 2022 hadi 2025 uliokuwa na lengo la kuondoa zaidi ya asilimia 90 ya spartina nchini.

Tuta lina gharama zake, nazo si za fedha pekee. Linazuia samaki, kaa na mchanga uliozoea kuingia na kutoka na maji. Binafsi ningelipendekeza tu pale ambapo uvamizi umefunika eneo lote na hakuna tena mwenyeji wa kuumizwa. Kama matete yamevamia kinamasi kilichozibwa na barabara au lambo, njia bora ni kinyume chake: fungueni kalvati, bahari irudi. Chumvi ikifikia gramu 18 hivi kwa lita, matete huanza kulemewa, kwa sababu mmea hulazimika kutumia sukari kujikinga badala ya kuiweka akiba, ilhali spartina ya wenyeji imeizoea hali hiyo.

Kupima akiba bila maabara kubwa

Usikisie mwezi. Kila wiki mbili, kuanzia chipukizi za kwanza, chimba rizomu tatu au nne mahali pale pale, kina kile kile na saa ile ile ya siku, maana sukari hupanda na kushuka hata kati ya asubuhi na jioni. Chagua zilizo hai: nyeupe ndani, ngumu, zenye maji. Zenye kahawia na uwazi mkubwa ni za kale, zitakupotosha.

Kata kipande cha duara chenye unene wa sarafu, kifute tope, kidondoshee tone moja la iodini. Pale penye wanga patageuka buluu iliyokoza hadi weusi. Rizomu ya vuli huwa nyeusi karibu kote; ya Juni huweza kuonyesha vidoa tu kuzunguka mirija, na sehemu kubwa ikabaki na rangi ya chai ya iodini yenyewe. Piga picha kwa mwanga ule ule, andika tarehe, na uzipange picha mfululizo. Utaona kwa macho akiba ikishuka, na siku utakapoona weusi unaanza kurejea, ujue umechelewa kwa siku chache. Kipimo hiki hakionyeshi sukari iliyoyeyuka, wanga tu, na hakitoi asilimia. Kwa kupanga siku ya kukata kinatosha.

Anayetaka namba apeleke sampuli maabara, na hapo uangalifu wa njiani ndio kila kitu. Rizomu iliyochimbwa ingali hai. Ikikaa kwenye mfuko wa plastiki juani, itaendelea kupumua na kula sukari yake yenyewe, na maabara itapima kilichobaki. Ioshe, iweke kwenye kasha la barafu mara moja, ifikishe siku hiyo hiyo. Huko ipitishwe kwenye joto kali kwa muda mfupi ili kusimamisha vimeng'enya, kisha ikaushwe kwenye tanuri la nyuzi 60 hadi 70 za Selsiasi.

Na asilimia zikija, zisomwe kwa akili. Mwenyeji anaweza kuwa na asilimia kubwa ya wanga kuliko mvamizi na bado akashindwa, kwa sababu mvamizi ana kilo nyingi zaidi za rizomu katika kila mita ya mraba. Zidisha asilimia kwa uzito wa rizomu kavu katika mita hiyo. Hesabu hiyo ndiyo inayoeleza nani ataota haraka baada ya dhoruba, moto au panga.

Mwenyeji naye ana ghala

Kwenye matope ya Chongming huota ndago ya bahari iitwayo Scirpus mariqueter. Akiba yake ipo kwenye vijiazi vidogo chini ya tope, na vijiazi hivyo ni chakula cha korongo na bata maji wanaokuja wakati wa baridi. Spartina ilipoisukuma, ndege walipoteza chakula chenyewe, siyo mandhari tu. Kwa hiyo kikundi kinachokanyagakanyaga na kugharikisha sehemu ya mwenyeji kwa kuwa iko jirani na mvamizi kinamaliza akiba isiyopaswa kuguswa. Wekeni njia moja ya kuingilia na kutokea, muitie alama kwa vijiti. Miche asilia ichimbwe ikiwa imepumzika na ghala lake limejaa, ipandwe kabla mvamizi hajachipua. Mahali palipobaki wazi patavamiwa tena.

Wakati wa kazi, ratiba ifuate maji. Bamvua hukupa nafasi ya kufika mbali maji yakipwa, lakini pia hurudi kwa nguvu. Awepo mtu mmoja nchi kavu asiye na kazi nyingine ila kutazama saa na maji. Vipande vya rizomu vyenye pingili huota upya popote vinapotua, kwa hiyo vikusanywe, vikaushwe juu ya turubai mbali na maji, na viatu, majembe na matairi yaoshwe kabla ya kuhamia eneo jingine.

Kwa msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki

Matete ya Tana na Rufiji, mengi yake Phragmites mauritianus, ni wenyeji. Hujenga uzio na dari, hushikilia kingo za mto na huhifadhi mazalia ya samaki. Mwongozo huu usitumiwe kuyafyeka.

Kinachofaa kuchukuliwa ni kanuni, si miezi. Pwani yetu haina baridi ya kuua majani, kwa hiyo akiba hufuata mvua, mafuriko na chumvi. Juni ya Maryland haina maana Kipini wala Ikwiriri. Mwenye gugu la kudumu lenye rizomu au vijiazi aanze na iodini, apime mzunguko mzima wa mwaka kabla ya kuajiri kibarua hata mmoja, kisha aweke siku ya kukata kwenye mkataba kwa hatua ya mmea badala ya tarehe ya fedha kutoka. Na fedha ikiwa ndogo, apunguze eneo, asipunguze miaka: hekta moja iliyorudiwa kwa misimu mitatu ina faida kuliko hekta kumi zilizofyekwa mara moja.